Kimetoka Wapi

Mimi ni mtu wa leja. Miaka kumi na tisa
nimehesabu vya serikali: magodoro, sufuria, risasi,
bandeji zilizofika zimelowa, chupa za dripu
zilizopasukia kwenye kona za barabara ya Fort Portal.
Kila kitu kina lori lake, kila lori lina dereva,
kila dereva ana sahihi, hata ikiwa ni mkwaruzo wa kuku.
Ndivyo dunia inavyosimama.

Kisha likaja sanduku la kioo, hapa Bundibugyo,
na Koplo Candiru pamoja nalo.
Akaliweka chumba cha nyuma, karibu na betri za sola,
akaitunga sindano yake uzi mweupe wa plastiki,
ikaanza kushona hewa.
Nilicheka mbele za watu:
fundi cherehani asiye na kitambaa!

Hakujibu. Alikuwa na ugomvi na mvua.
Mvua ya huku huuharibu uzi ule,
hunyonya unyevu, hutoka na mapovu,
kitu kikawa na matundu kama mkate.
Akaenda kwa Biira anayeanika kakao nje ya geti,
akarudi na harufu yake mikononi, na wazo:
kasha la bati, balbu ya moto, mchele mkavu chini.
Mchele niliutoa mimi. Kilo mbili.
Niliandika: umeliwa.

Alianza na kijiti cha kukazia mkanda wa damu,
kile unachozungusha juu ya jeraha
mpaka mguu unyamaze.
Tuliagiza mia mbili tangu Pasaka;
fomu ilirudi na mhuri: HAKUNA.
Kijiti kikatoka na joto, kama yai.
Akamwita Lokwang, mwenye viganja vya kupasulia kuni,
akamwambia, kaza. Akakaza.
Ta!
Kimekatika penye tabaka, kama biskuti ya mgao.

"Nilikichapa kimesimama," alisema usiku wa manane,
akiongea na taa, si na mimi.
"Nikilaze."
Kumi na moja vilikatika.
Cha kumi na mbili, Lokwang aliacha mwenyewe,
akikitazama kama mtu aliyetukanwa.

Mwezi uleule doria ilirudi kutoka mto Lamia
na Okwonga juu ya machela, mkanda pajani,
kijiti cheupe kimekaza, na juu yake, kwa kalamu ya wino,
saa waliyokifunga: nane na dakika kumi.
Mguu ulibaki Fort Portal.
Yeye alirudi.

Nami nikabaki na kalamu juu ya safu ya tatu.
Kimetoka wapi?
Lori hakuna. Dereva hakuna.
"Andika: hapa," alisema Candiru.
Nikamwambia, koplo, hapa si mahali vitu vinapotoka.
Hapa ni mahali vitu vinaposubiriwa.
Akanitazama kitambo, akarudi kwenye uzi wake.
Safu niliiacha tupu. Siku tatu
ilinitazama kama jino lililong'oka.

Juzi alfajiri mkamwana wa Biira alijifungulia kwetu,
mtoto analia, kitovu hakina kibanio,
bohari yangu ina mikanda ya viatu tu.
Candiru akachapa. Dakika ishirini na mbili,
muuguzi kashika kwa vidole viwili, hapumui.
Kikaoshwa kwa spiriti, kikabana,
kikatoka getini juu ya tumbo la mtoto
bila sahihi ya mtu.

Mali ya serikali haitoki hivyo.
Nilifungua leja, mkono ukaandika polepole:
Kibanio, kimoja. Kimetoka wapi: hapa.
Kitarudi lini: sijui.

Mawingu yalikuwa yakishuka kutoka Ruwenzori.
Nikaifunga leja, nikaingia chumba cha nyuma
kuutazama mchele, kama bado ni mkavu.